Tatu ni Kushoto

Jumatatu, 16 Juni

Springi za nyuma za lori la tumbaku la Goweko. Vyuma saba, viwili vimekatika. Nimemaliza kabla ya saa sita. Mikono inanuka grisi, chai nimekunywa kavu.

Redio imemtaja Deo tena. "Koplo wetu, fahari ya Tabora, leo gwaride, kesho usukani." Wamemzungumzia dakika nne, nimezihesabu. Jina langu halikutoka. Mimi, msoma ramani wake, ninayekaa kushoto kwake na daftari. Miaka sita. Mashindano kumi na moja ya magari. Tumeshinda manne, na katika picha zote nne nimekatwa kuanzia begani.

Mama amebandika picha ya Deo ya magwanda juu ya rozari yake. Cheti changu cha ufundi kiko nyuma ya kabati.

Niandike wazi, hakuna atakayesoma. Namwonea wivu mdogo wangu. Jeshi nililitaka mimi. Nilikwenda kupimwa nikapungua sentimita mbili. Miaka mitano baadaye Deo akaenda kumsindikiza rafiki yake, rafiki akarudishwa, yeye akachukuliwa. Na usukani nilimfundisha mimi, kwenye pikapu ya marehemu baba, akiwa bado anakalia mto ili aone mbele.

Leo ana vyote viwili. Mimi nina karakana Itetemia na daftari.

Jumanne, 17 Juni

Deo kaja karakana. "Shikamoo dada." Marahaba, sema shida yako. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

Kambi yao imelipaka gari rangi ya kijani. Mkuu wao anataka viti vyote viwili vikaliwe na wanajeshi. Mashindano ni Jumamosi. Mahali pangu atakaa Sajenti Chilewa.

"Ila daftari tutaliomba, dada. Siku ya kukagua njia sisi tuko kwenye gwaride."

Mimi hawanitaki. Daftari wanalitaka.

Nimesema njooni Alhamisi. Sijui kwa nini nimesema hivyo.

Jumatano, 18 Juni

Nimelipitia lote. Goweko mpaka mjini kwa njia ya zamani ya misafara, kilomita 38, kona 61. Kila kona nimeipima kwa pikipiki mara mbili, kwenda na kurudi. Kuna mawe ninayoyajua kuliko ninavyowajua majirani.

Kushoto na kulia vyote vinaanza na ku. Gari likirukaruka, jicho linaona ku, ulimi unakwama. Kwa hiyo tangu mwanzo naandika saa. Saa tatu asubuhi mshale mfupi unaelekea kushoto. Basi 3 ni kushoto. Saa tisa alasiri unaelekea kulia. 9 ni kulia. Mistari pembeni ni ukali wa kona. Mmoja, laini. Miwili, punguza. Mitatu, breki na sala.

Nikisoma kwa sauti nasema kushoto, kulia. Deo anajua tu kwamba natumia saa, hajawahi kuona kilichoandikwa. Miaka sita hajalifungua daftari hata kwa udadisi.

Alhamisi, 19 Juni

Wamekuja. Sajenti ni Mgogo, mrefu, meno meupe. Alipojua mimi ni Mnyamwezi akaanza utani hapohapo. "Ninyi mmeumbiwa kubeba mizigo. Mimi nitakalia kiti, wewe nibebee daftari mpaka kwenye gari."

Deo akacheka mpaka akashika tumbo.

Nikamjibu: "Na ninyi mmeumbiwa kukaa njiani, mkiidai misafara hongo kwa maji aliyoyanyesha Mungu." Akacheka yeye pia. Utani ni utani, babu zetu walianza na hatutaumaliza sisi. Lakini Deo hakucheka la kwangu kama alivyocheka la Sajenti. Nililipima.

Sajenti akafungua daftari. "Hizi tatu na tisa ni nini, Koplo?"

"Saa, afande. Dada anatumia saa."

"Aa, kama sisi." Akanyoosha mkono wa kulia. "Tatu." Akanyoosha wa kushoto. "Tisa."

Jeshini adui akiwa kuliani wanasema yuko saa tatu. Wanafuata namba iliyochapwa kwenye uso wa saa. Mimi nafuata saa ya Kiswahili, ya nyumbani. Tatu yake ni kulia, yangu ni kushoto. Kona 61, zote zimegeuka.

Ilikuwa saa kumi na robo. Nilifungua mdomo.

Sajenti akalitia daftari kwapani. "Ahsante, mpagazi."

Nikaufunga.

Ijumaa, 20 Juni

Sikufanya kazi. Nimefungua karakana na kukaa.

Nilichotaka ni akose. Kukosa tu. Gurudumu kwenye mtaro, vumbi, aibu ya dakika kumi. Redio iulize: mbona leo, alikuwa anaongozwa na nani siku zote? Hilo tu.

Nimekaa na hesabu. Kona ya kwanza kali iko kilomita 1.4. Nimeiandika 3 na mistari mitatu. Iko nyuma ya kilima kidogo, huioni mpaka umeifikia. Barabara inakata kushoto. Kulia ni korongo. Deo hupita pale akiwa na kilomita 110 kwa saa, yaani mita thelathini kwa sekunde. Kutoka neno la msoma ramani mpaka ukingo ni mita sitini.

Sekunde mbili. Na Deo huwa hasubiri aone. Nilimfundisha mwenyewe: ukisikia neno, geuza, macho yatafuata.

Hesabu haina mtaro wala aibu ya dakika kumi. Nimeirudia mara tatu, jibu ni lilelile.

Simu iko mezani. Sijaishika. Kila nikinyoosha mkono nasikia mpagazi, na kicheko cha Deo.

Mama ameuliza kama nimemwelekeza vizuri afande mpya. Nimesema ndiyo.

Jumamosi, 21 Juni

Niliamka kabla ya jogoo nikampigia Deo simu. Imezimwa. Ya Sajenti sina. Nikaendelea kupiga mpaka saa moja na nusu, ndipo nikachukua pikipiki.

Gari lao lilikuwa liondoke saa tatu kamili. Nilifika Goweko saa tatu kasoro dakika sita. Watu wameshonana, kamba imefungwa, na kijana wa ulinzi amesimama kama amezaliwa na ile kamba.

"Wewe nani?"

"Msoma ramani wa Koplo."

"Msoma ramani yuko ndani ya gari, mama. Rudi nyuma."

Nilipita chini ya kamba. Alinishika shati, likachanika mgongoni.

Sajenti aliniona dirishani. "Mtani! Umekuja kudai kiti?" Halafu akaniona uso, akaacha utani.

Nilimwambia atoe mikono. Nikachukua kalamu ya karakana, ile ya kuandikia matairi. Nyuma ya mkono wake wa kushoto nikaandika 3. Wa kulia, 9. Nikasema tatu ni kushoto, tisa ni kulia, saa ya nyumbani, si ya kambini. Aliitazama mikono. Midomo ilikuwa ikihesabu. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaona ile mistari mitatu, akafumba macho kidogo.

Deo alikuwa amevaa kofia ngumu, niliona macho tu. Wakawaruhusu.

Nilikaa kwenye vumbi, nikahesabu. Kilomita 1.4 kutoka gari limesimama, kwa Deo, ni kama sekunde hamsini na tano. Nilifika sitini. Sabini. Mlio wa injini ulishuka, ukanyamaza, ukapanda tena upande wa pili.

Wamekuwa wa pili. Wamepitwa kwa sekunde nne.

Mimi nisingezipoteza hizo nne. Hilo ndilo lililonijia nikiwa bado nimekaa kwenye vumbi, shati limechanika. Ndivyo nilivyo.

Jumapili, 22 Juni

Redio: Koplo na Sajenti, ukakamavu wa kijeshi. Dakika tano leo.

Mama amepika wali na kuku. Deo amekuja baada ya misa. Amekula kidogo. Wakati nammwagia maji anawe mikono ameuliza bila kunitazama.

"Dada, ulikumbuka lini?"

"Jana alfajiri. Niliangalia saa ikanijia."

Akatikisa kichwa. Mungu mkubwa, akasema. Akasema Sajenti amesugua ule wino kwa mafuta ya taa, hautoki.

Aliendelea kunawa muda mrefu. Birika likaisha maji.

Alhamisi, 26 Juni

Daftari limerudi. Deo amelipitisha kwa Mama, mimi sikuwepo.

Nimelikuta na mwandiko wake ndani. Mara ya kwanza. Penseli, kona ya 43: "Dada, hapa ni miwili, si mitatu. Tumefunga breki bure."

Nimekasirika. Nimechukua pikipiki nikaenda kumsuta. Greda lilipita pale baada ya mimi kupima, kona imepanuliwa. Nimepita mara mbili, kwenda na kurudi. Ni miwili. Sekunde nne zilikuwa zangu.

Nimefuta mstari mmoja.

Chini yake ameandika pia kwamba kambi inaomba daftari la mashindano ya Igunga, ya mwezi ujao. Kiti hakukitaja. Nimesubiri wivu upande, umepanda, uko palepale.

Nimelitoa daftari la Igunga kwenye droo. Ukurasa wa kwanza, kwa ile kalamu ya matairi: 3 KUSHOTO. 9 KULIA. Sasa mtu yeyote anaweza kulisoma. Chini nimeweka jina langu, Veronika, herufi zote.

Aliuliza nilikumbuka lini. Sikukumbuka. Sikuwa nimesahau.

Kesho lori jingine la Goweko. Vyuma tisa.