Shingo ya Mkono wa Jumapili

Jumapili, 8 Septemba

Nimempata. Nyuma ya duka la baiskeli, mlango wa bati, hakuna hata kibao. Nilifikiri fundi wa magitaa atakuwa kijana mwenye nywele ndefu. Kumbe mama wa makamo, miwani imefungwa uzi, aproni imekauka gundi. Zamani alikuwa anatengeneza viti. Watu wa duka la baiskeli wanamwita Bi Fundi, na mimi nimefuata hivyo hivyo.

Nikamwambia nataka gitaa la besi. Nilidhani ataniuliza rangi. Akasema, lete mkono. Wa kushoto. Akaugeuza, akavuta kidole kimoja kimoja kama mtu anayekagua kuku sokoni! Ndivyo anavyofanya kazi. Kiwiliwili anakitengeneza peke yake, lakini shingo haichongi bila mwenye gitaa kuwepo. Anachonga kidogo, unashika, anachonga tena, mpaka useme basi. Kasema kiatu cha dukani kikikubana utavumilia, lakini gitaa likikubana utalitundika ukutani na kulisahau.

Nimelipa nusu. Sijutii.

Shemeji, mume wa dada yangu, ana bendi ya harusi kule nyumbani. Kabla sijaja huku nilikuwa nampigia besi, gitaa la kuazima. Sasa mpigaji wake anahama. Kasema nafasi ni yangu nikifika kabla mwaka haujaisha, na chombo changu mwenyewe mkononi. Asiponiona atachukua mtu mwingine. Undugu ni undugu, lakini maharusi hawasubiri.

Jumanne, 10 Septemba

Tumevunja zege kutwa nzima, chini ya lile jengo la zamani. Mashine hii ya kuvunjia zege ukiiacha, yenyewe haikuachi. Unaizima, mikono inaendelea kutetemeka. Wakati wa kula kijiko kilikuwa kinalia chenyewe kwenye sahani.

Nimemwambia Meneja habari za gitaa. Tunalala chumba kimoja. Ni mbeba matofali tu, ila kalamu haimtoki mfukoni hata akilala, ndipo jina lilipotoka. Kauliza lina nyuzi ngapi. Nne. — Nne! Wenzako wana sita! Na hizo mbili, amekupunguzia bei au amezila?

Chumba kizima kimecheka. Na mimi nimecheka.

Jumamosi, 14 Septemba

Bi Fundi kapiga simu, njoo leo, kesho sipo. Nimekwenda moja kwa moja kutoka kazini, na buti, na vumbi. Shingo imebanwa kwenye jiliwa, mbao nyekundu, bado nene. Akachonga, nikashika. Akachonga, nikashika. Mara ya tatu nikasema basi, hapo hapo! Imejaa kiganjani kama mpini wa mashine.

Akanitazama juu ya miwani. Hapo? Mbona nene? — Hapo hapo, mama. Akatia alama ya penseli, akafunga kazi.

Nimerudi napiga mluzi. Meneja kauliza kama nimeoa tena.

Jumapili, 22 Septemba

Ajabu ya leo! Nimelala mpaka jua limepanda, nimefua, nimekwenda kwa Bi Fundi mikono safi. Nikashika ile shingo — mchi! Mchi kabisa. Kidole cha mwisho hakifiki mahali pa uzi mnene. Nikamwambia mama, umebadilisha mbao.

Hakukasirika. Akanionyesha alama yake ya penseli. Kisha akafungua kiganja changu, akakitazama kwa muda, akauliza Jumamosi ile ulitoka wapi. Kazini. Kazi gani? Nikamwambia.

Akacheka kidogo, halafu akaacha. Kasema basi wewe una mikono miwili ya kushoto. Wa Jumamosi umekunjika, unadhani bado umeshika mashine, unataka kitu kinene. Wa leo umepumzika, umefunguka, unataka kitu chembamba. Nikichongea mkono wa leo, siku ukitoka kazini hutapiga nyimbo mbili bila misuli kukaza. Nikiacha ulivyosema siku ile, kila ukipumzika utapiga kama mtu aliyevaa glavu. Haya, nichongee mkono upi?

Nikasema tuchukue katikati.

— Katikati hakuna mkono wa mtu.

Akapangusa vumbi kwenye meza, ingawa hapakuwa na vumbi. Kasema unene uliopo naweza kuupunguza siku yoyote, ila mbao ikishatoka hairudi, mwanangu. Utashika hiyo mashine mpaka lini?

Nimesema nitakuja Jumapili ijayo. Mtu ametaka gitaa tu, ameulizwa maisha!

Jumanne, 24 Septemba

Msimamizi kaniita ofisini. Mkataba unaisha mwezi ujao. Anataka kuniongezea miaka miwili, niwe kiongozi wa wavunjaji. Nikamuuliza, kiongozi naye anashika mashine? Kanitazama kama nimeuliza kama samaki huoga. Akasema, sasa atawaongoza kwa mdomo?

Anataka jibu Jumapili jioni. Jumatatu karatasi zinakwenda kwa wakubwa.

Nimempigia mke wangu, nimemweleza yote, la gitaa na la mkataba. Nikamkumbusha nyumba yetu haina madirisha bado. Kasema mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na dirisha. Moyo wangu ukatulia kabisa. Halafu akasema, ila mvua inaingia, baba watoto.

Sasa hapo kasema nini? Rudi, au kaa? Nimejigeuza kitandani mpaka Meneja kaniuliza kama nawindwa na kunguni.

Ijumaa, 27 Septemba

Asubuhi kidole cha pete, mkono wa kushoto, kimekuwa cheupe. Kama si changu. Nimekiuma, hakuna kitu. Damu imerudi wakati wa chai.

Muuguzi wa zahanati kauliza imeanza lini. Nikasema tangu baridi ya mwaka jana, ila huja na kuondoka. Kasema ikikomaa haitaondoka tena. Dawa ni kuacha mashine. Nikauliza, na dawa nyingine? — Nimeshakutajia dawa, kaka.

Nimemwambia Meneja. Hakufanya mzaha. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumapili, 29 Septemba

Naandika hapa hapa kwa Bi Fundi, kwenye pembe ya meza yake. Yeye ananoa.

Nilipoingia hata salamu sikumaliza. Nikamwambia chongea mkono wa leo. Kauliza, una hakika? Nikasema hakika nimeitafuta wiki nzima sikuiona, chonga tu, mama.

Akaanza. Maranda membamba yanaanguka miguuni, mekundu, yamejikunja kama maganda ya kitunguu. Kila mara ananipa nishike. Bado? Bado. Bado? Bado, mama. Sijui kwa nini macho yalijaa machozi. Nimesingizia vumbi. Naye akasema kweli, vumbi leo limezidi.

Upande wa nyuzi nene umekwisha. Nimeshika, vidole vikaenda vyenyewe, hata kile cha pete! Wimbo wa kuwaingiza maharusi ukumbini, ule wa taratibu. Mbao tupu, hakuna uzi hata mmoja, lakini nimeusikia wote. Na yeye naona ameusikia, maana mguu wake ulikuwa unagonga sakafu. Upande wa nyuzi nyembamba bado mnene. Sasa hivi shingo haimfai mtu yeyote, nusu huku nusu kule.

Msimamizi anapiga simu. Jibu la jioni ameanza kulitaka mchana. Imelia, imekatika. Inalia tena. Iko mezani, inatetemeka, inasogea yenyewe kuelekea ukingoni, vumbi la mbao linaikimbia.

Bi Fundi kaacha kunoa. Anasema pokea tu, mwanangu, mimi nitangoja. Mbao haina haraka.

Nimemwambia asingoje. Achonge kwanza upande uliobaki, mbao isiweze kurudi, ndipo nipokee.

Ananitazama juu ya miwani. Haya, anakaza jiliwa. Simu ya tatu hii —