Yaya, Mkono Wako Umefika Kabla Yako

Cité Indigène, Élisabethville,
tarehe 9 Agosti 1936

Kwa yaya wangu mpendwa Adalbert, kaka yangu mkubwa, huko Albertville.

Jambo, yaya. Jambo tena. Uko muzima? Kile kifua kilichokuwa kinakubana wakati wa upepo wa ziwa, kimekuachilia? Shemeji Edith anaendeleaje, na watoto Alexis na Annie wanasoma? Sisi huku tuko wazima wote, namshukuru Mungu, na neno hilo "wazima" naliandika nikiwa nimelishika kwa nguvu. Utaona kwa nini.

Kwanza usiogope harufu ya karatasi hii. Si ya mganga, wala haikuanguka jikoni. Kila kitu kinachotoka katika lupango letu, nyumba na ua, lazima kipite kwanza katika moshi wa dawa, hata barua ya mama wa watu. Tumefungiwa, yaya. Jirani wa ukuta kwa ukuta alishikwa na ndui, wakampeleka lazareti, kule wanakotengwa wagonjwa, na mchana uleule watu wa hygiène, wale wa afya ya mji, wakaja na kamba, wakazungushia nyumba yake na yetu pamoja. Aliyekuwa ndani akabaki ndani. Tumechanjwa, tumegeuzwa mbele na nyuma kama samaki wa sokoni, hakuna mwenye kipele hata kimoja. Lakini kamba iko palepale.

Sasa nikuambie nani na nani walinaswa, maana hapo ndipo kwenye shida.

Mpwa wako Agnès, uliyemwacha na meno ya maziwa, leo ni mwalimu. Sijisifu, nasema tu lililopo. Ile miaka aliyokaa Ndola ya Waingereza kwa marehemu dada yetu haikupotea. Kingereza anakisema kama aliyekinywa kwenye uji. Masista wanamwita awasomee maandishi ya mikebe inayotoka Rhodesia. Na uzuri wake, ukimwona utajua mwenyewe aliutoa wapi.

Basi Bwana Lin, Mchina mwenye duka la vitambaa karibu na soko, anataka kuhamia Ndola kwa ndugu yake, yeye na mke wake. Huko bila Kingereza utauza nini? Akauliza mjini kote, akaonyeshwa mtoto wangu. Dukani wateja wanawakata maneno, kwa hiyo wanakuja kusomea kwetu, chumba cha mbele, juu ya viti vyangu vyenye vitambaa nilivyofuma mimi. Wachina, yaya! Kwenye viti vyangu! Majirani walikuwa wanapita polepole kuliko kawaida.

Siku ya kamba walikuwa katikati ya masomo. Na Jeannot Chomba, mchumba wa Agnès, alikuwa uani anapasua kuni zangu, kazi ya mukwe, kama desturi yake: anakuja nikiwa ndani, anaondoka kabla sijatoka. Kamba ikapita nyuma ya mgongo wake, shoka bado liko mkononi.

Wewe ni wa kwetu, unajua nini maana yake. Mukwe na mama mukwe hawaonani. Hajauona uso wangu wala mimi wake, na hawezi kuonja chochote kilichopikwa kwenye moto wangu, mpaka mjomba wa binti afunue chungu mbele yake na kumtilia tonge la kwanza mkononi. Mjomba ni wewe. Na wewe uliniandikia wakati wa Pasaka: "Mtu yeyote asifunue chungu kile kabla yangu." Mimi nilikuelewa. Nyumba ya vyumba viwili ndiyo haikuelewa.

Tuligawana hivi. Wanaume chumba cha mbele: mume wangu Kunda, Bwana Lin, na Jeannot. Wanawake chumba cha ndani, nyuma ya pazia langu la maua: mimi, Agnès na Madame Lin. Lakini mlango wa kutokea uko mbele tu. Nikitaka kwenda kupika uani napiga makofi, Jeannot anajifunika blanketi kichwani, nami napita na mkeka nimeusimamisha ubavuni kama ukuta. Siku moja blanketi na mkeka vikagongana mlangoni. Kunda alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilirudi nyuma ya pazia nikakaa hapo mpaka kiu ikanishika. Nyumba ni yangu, sufuria zangu, mume wangu, nami humo ndani kama panya ndani ya kibuyu.

Lakini masikio hayana mukwe. Masomo yaliendelea, nami nikasoma Kingereza kupitia pazia, na kichwa changu unakijua, hakiachi kitu kianguke.

Agnès hafundishi maneno mengi kwa pamoja. Anashika neno moja, analikamua kama nguo mpaka tone la mwisho. Walikuwa wamefika kwenye mkono. Waingereza wanauita hend. Mkono wao ni mfupi kuliko wetu, yaya. Wetu unaanzia begani, wao hend yao inaishia hapa kwenye bangili, na kwa sehemu ya juu wana neno lingine. Ukimwambia Mwingereza "nipe mkono", hadhani unataka kumwamkia, anajua unataka akusaidie kubeba. Mshale wa saa nao ni mkono. Nguo iliyokwisha kuvaliwa na mwingine ni nguo ya mkono wa pili. Na tajiri akisema anahitaji mikono kumi, anataka watu kumi wa kazi.

Hapo Kunda akadakia: "Na matumbo kumi je, yanabaki wapi? Kwa bibi zao?"

Bwana Lin alicheka mpaka akakohoa. Halafu Agnès akasema kwamba mtu aliyeizoea kazi anaitwa mkono mzee, na Mchina akaruka kwenye kiti. "Kwetu ni namna moja! Muntu mupya wa kazi, mukono mupya. Muntu wa zamani, mukono muzee!" Akaongeza kwamba huko kwao ndugu wa tumbo moja wanaitwa mkono na mguu.

Hilo nililiweka moyoni. Nilikaa nyuma ya pazia nikakufikiri wewe, mguu wangu, uliyetembea mpaka Albertville na tajiri wako hataki kukupa likizo urudi. Na Agnès alipofundisha kwamba mtu asiye na njia wanasema mikono yake imefungwa, hilo sikuwa na haja ya mwalimu.

Sasa njaa. Mwanzoni Jeannot alikula kwa Bwana Lin, ambaye alikuja na mchele wake na mbabula yake ndogo ya makaa, moto usio wangu. Lakini mchele ukaisha na makaa yakaisha. Kilichobaki ni unga na samaki kavu tunaoletewa na hygiène, na vyote vinapikwa kwenye moto mmoja, moto wangu, kwa kuni alizopasua yeye mwenyewe. Kijana akaanza kunywa maji. Nilisikia tumbo lake likilia upande wa pili wa kitambaa, na mimi nimekaa nimeshiba bukari ya unga uleule.

Kunda akamwambia: "Mutoto, kula! Desturi iko inje ya kamba!"

Akajibu taratibu: "Baba, siku moja nitatoka hapa. Nikitoka, nitakuwa mukwe wa nani?"

Yaya, nilijivunia jibu lile kana kwamba nimemzaa mimi. Lakini majivuno hayashibishi mtu. Siku iliyofuata hakuinuka kwenye mkeka. Masomo hayakuwapo. Agnès aliingia chumba cha ndani, akanitazama kwa macho ambayo hajawahi kunitazama nayo. "Mama, unangojea barua ya mjomba ao unangojea maiti?"

Barua kutoka kwako inapita reli na mashua na mikono ya watu wasiotujua. Nikikaa nyuma ya pazia nakutii wewe, naua mukwe. Nikitoka na sahani namwokoa tumbo, naua ndoa.

Sikukuambia bado habari ya Mwaba. Ndiye aliyewekwa kulinda kamba. Sisi ni wa Mbuzi, ukoo wa machifu, na yeye ni wa Chui, kwa hiyo ni munungwe wetu, mtani halali: anatutukana, anatuibia kuku, na siku tukifa ndiye anayetuzika. Fikiria furaha yake! Kila asubuhi anapaza sauti barabara nzima isikie: "Mama Clotilde! Mbuzi bamelala namna gani ndani ya kamba?"

Namjibu: "Wamelala vizuri, wanalindwa na chui asiye na meno."

"Meno iko, mama. Nangojea munenepe."

Asubuhi ile ya maneno ya Agnès, Mwaba alipoanza matusi yake, nilimkatiza. Lilikuwa limenijia neno. Munungwe anatuzika bila kumwomba ndugu yeyote ruhusa. Anayeweza kufunika kaburi letu, atashindwaje kufunua chungu chetu? Nikamwita karibu na dirisha, nikamwambia. Akaacha kucheka palepale.

"Mama, hii si mchezo. Adalbert ataniuliza."

"Ataniuliza mimi. Tangu lini chui anaogopa mbuzi wa mbali?"

Akajikuna. "Nipate shingo ya kuku. Na paja."

"Siku kamba inakatwa."

"Paja mbili, basi."

Kunda akachinja kuku wetu wa mwisho, yule mwekundu wa kutaga. Nikapika, yaya, kama nilivyopika siku ya ubatizo wa Alexis wako; mchuzi ule wa karanga bado unaukumbuka, Padri alirudia sahani. Kunda akakipeleka chungu uani, karibu na kamba. Jeannot akashikwa mkono na Bwana Lin, akapiga magoti mbele ya chungu na blanketi lake kichwani. Mimi nilisimama mlangoni, nimejifunika lile pazia. Nililing'oa.

Lakini Mwaba haruhusiwi kuvuka kamba wala kugusa kitu cha kwetu. Basi akaleta ule mti wake wenye panda anaosukumia kikapu cha unga. Akavua kofia. Akasema kwa sauti ambayo sikuijua: "Mimi wa Chui nasema kwa kinywa cha Adalbert wa Mbuzi, aliye mbali. Mutoto huyu amepasua kuni, ameheshimu, amelala na njaa. Chungu kifunuliwe." Akapitisha mti chini ya kifuniko. Kifuniko kikainuka, kikateleza, kikaanguka kwa kishindo, na wanawake wa ng'ambo ya barabara wakapiga vigelegele.

Likabaki tonge la kwanza. Mti hauwezi kushika tonge. Kunda ni baba wa binti, haiwezekani. Mwaba akamgeukia Bwana Lin.

"Mchina! Wewe iko ukoo gani?"

"Ukoo wa Lin."

"Lin ni nyama gani?"

"Si nyama. Lin ni pori. Miti mingi."

Mwaba akapiga paja. "Sasa! Mbuzi na chui bote banaishi pori! Njoo!"

Bwana Lin akanawa. Akamega bukari, akachovya kwenye mchuzi, akampa Jeannot kwa mikono miwili, maana kwao kumpa mtu kitu kwa mkono mmoja ni dharau. Na Jeannot akapokea kwa miwili, kama kwetu. Mikono minne kwenye tonge moja. Wazee wetu walisema kidole kimoja hakishiki chawa, lakini hata wao hawakuona hilo. Agnès akasema kitu kidogo kwa Kingereza. Hakuna aliyeuliza maana.

Akala. Alipomeza mara ya tatu akaondoa blanketi, nami nikaondoa pazia. Yaya, ana masikio ya marehemu baba yetu! Yaleyale, yamesimama kama yanangojea habari. Agnès hajaniambia kamwe. Akainamisha kichwa.

"Jambo, mama."

"Jambo, mwanangu. Ongeza mchuzi."

Tangu siku hiyo napita mlango wangu bila mkeka. Jeannot amenitengenezea mguu wa meza uliokuwa unayumba tangu arusi yangu, na masomo yameendelea. Wamefika kwenye kichwa, nami sasa nakaa mbele, kwenye kiti changu. Tumefungiwa bado, lakini ndani ya kamba pamekuwa papana.

Lakini silali vizuri. Chungu kile kilikuwa chako, na nimekifunulisha kwa mti wa mtani na mkono wa mgeni. Ukikataa, uko katika haki yako. Neno lako moja litanirudisha nyuma ya pazia, Jeannot atakwenda zake, na mpwa wako atabaki na Kingereza chake. Sikuambii kwamba niliona njia nyingine, maana sikuiona. Nawe najua umenaswa huko. Kamba yako ndiyo haionekani. Niliutumia mkono wako kwa sababu wewe mwenyewe hawakukuachilia uulete.

Firigisi ya kuku ni fungu lako. Nimeikausha juu ya moshi, imening'inia jikoni, hakuna anayeigusa, hata Mwaba ameionyesha kwa mti wake tu.

Nisalimie Shemeji Edith, umwambie nguo ya Komunyo ya Annie nitaishona mimi, asimpe fundi. Msalimie Alexis ashike kitabu. Kunda anakusalimu sana, na Bwana Lin na Madame Lin wasiokujua wanakusalimu. Mungu akufungulie kila mlango, Bikira Maria akufunike kifua chako na upepo.

Kamba ya hygiène wataikata wenyewe. Hii nyingine nakuachia wewe. Usiandike barua ndefu, yaya, nenda posta upige simu ya maandishi, ya neno moja tu: "Ale." Mwaba amekwisha kuahidi kulitangaza barabara nzima.

Mimi mkono wako, ninayekupenda wewe mguu wangu,

Clotilde Bwalya