Siku Kumi za Kutokaa

Alhamisi, 5 Juni 2025

Nesi kanipa daftari. Anaitwa Enesi. Nesi Enesi, sijatunga! Kasema andika kila siku: dawa umekunywa saa ngapi, umekula nini, choo umepata au bado. Nikamwambia sista, mimi niliishia la tano. Kasema choo hakihitaji kidato cha nne.

Haya. Choo bado.

Jana nimepasuliwa bawasiri. Hilo neno naliandika mara moja, basi, na daftari hili nalala nalo. Walinichoma sindano ya mgongo, miguu ikafa. Nikashika paja, nikaona kama namshika abiria. Daktari anafanya kazi huku anapiga stori za mpira na mwenzake. Nikauliza, jamani, mmefika wapi? Kasema tulia, tuko dakika ya sabini.

Nilidhani ni bodaboda imenimaliza. Miaka saba juu ya tangi, Tunduma mjini–Chapwa, Chapwa–Tunduma mjini. Daktari kasema pikipiki siyo sana. Maji hunywi, mboga huli, chooni unakaa na simu nusu saa. Kanijulia wapi huyu?

Niko kwa dada Recho, Chapwa. Nimelala kifudifudi, naandika kama mwanafunzi aliyefukuzwa dawati.

Ijumaa, 6 Juni

Dawa saa moja. Papai, uji wa ulezi. Choo bado.

Washikaji wa kijiweni wamekuja kunipa pole. Niliwaambia ni kidole tumbo. Wakijua ukweli watanibatiza jina, nazeeka nalo. Recho kanibandika plasta kubwa tumboni. Kafanya huku anatikisa kichwa. Kasema mdogo wangu, uongo wako unakula hadi plasta zangu.

Bugalama akataka kuona. Huyu ni Msukuma, tunapaki pamoja, hana siri wala hana aibu. Nikafunua shati. Akaangalia weee. Kisha akasema: Rabson, kaka yangu alipasuliwa kidole tumbo, kovu lake liko kulia. Lako mbona kushoto?

Nikamwambia cha kwangu kilihama.

Wakacheka mpaka mmoja akatoka nje. Na mimi nikacheka. Kosa! Kucheka kunavuta huko huko. Machozi yalinitoka, wakadhani nimeguswa na upendo wao. Wameniachia chips, kuku na soda nne. Recho kanyang'anya vyote. Kala yeye, mbele yangu, taratibu.

Walipoondoka nimehamisha plasta. Iko kulia.

Jumamosi, 7 Juni

Dawa nimekunywa. Choo bado. Siku ya tatu. Nakaogopa hako kachoo ka Recho kuliko trafiki wa barabarani.

Ikupa kapiga kutoka kwao Ikinga. Mchumba wangu. Mjini hapa anashona, ana cherehani yake pale nyuma ya stendi, ila ameenda kwao kuandaa ugeni. Ugeni wetu! Tarehe kumi na nne, Jumamosi ijayo, tunakwenda kujitambulisha na kupeleka barua. Baba mdogo Yesaya ndiye kiongozi wa msafara.

Kasema: baba kauliza tena kama mnakuja kweli.

Niandike vizuri hili, maana ndilo linaninyima usingizi, siyo kidonda. Pasaka tulikuwa twende. Maumivu yakanishika asubuhi ile ile, nikashindwa hata kupanda gari. Tukapiga simu, tukasema nina dharura. Baba yake, Mzee Lusubilo, aliua mbuzi bure. Akasema sawa, dharura ni moja. Wakirusha tarehe mara ya pili, wasije tena, binti yangu siyo mnada.

Kwa hiyo ni lazima. Kwa tumbo, kwa mgongo, kwa vyovyote.

Na yeye Ikupa nilimwambia kidole tumbo. Kasema pole mpenzi, pumzika. Akasema pole tena. Nikajisikia mwizi wa pole.

Jumapili, 8 Juni

CHOO!!!

Saa mbili na dakika kumi asubuhi. Jamani. Jamani! Kwanza nilishika ukuta. Nikaita mama, ambaye amefariki. Nikaita Yesu. Nikamwahidi mambo mengi sana, nitayapunguza baadaye. Halafu kikapita. Kimepita! Nimetoka jasho linanitiririka na baridi yote hii ya Juni, upepo wa Tunduma unakata masikio, mimi natoka kama nimetoka kucheza fainali.

Recho alikuwa mlangoni anavaa viatu vya kanisani. Akaniangalia usoni tu akajua. Akapiga kigelegele! Jirani akauliza ng'ambo ya ukuta, Mama Goodness, kuna nini, mmepata mtoto? Recho kasema ndiyo, wa kiume, kamtesa sana baba yake.

Nimempigia nesi Enesi simu. Kasema hongera. Sijawahi kupewa hongera ya kweli namna hii maishani mwangu. La nne nilikuwa wa tatu darasani, sikupewa hata peni.

Jumatatu, 9 Juni

Choo tena. Afadhali ya jana.

Maji ya uvuguvugu na chumvi kidogo, unakaa kwenye beseni dakika kumi na tano, mara tatu kwa siku. Nikifa naomba nizikwe na beseni. Nje watu wamejifunga mablanketi, mimi nimekaa kwenye maji ya moto kama tajiri. Ndiyo sehemu pekee ninayoweza kukaa duniani kwa sasa. Kiti hapana. Kitanda hapana. Benchi, usinitajie.

Nikiwa humo humo beseni dereva wa malori Mzambia akapiga, ananisalimu kwa Kibemba. Mulishani mukwai, Rabson! Anataka mtu wa kumchukulia spea mjini. Nikamwambia niko ofisini, boss, namtuma kijana wangu. Nikampa Bugalama kazi. Mishemishe haifi.

Jumanne, 10 Juni

Choo ndiyo. Leo nimeumbuka.

Ikupa kapiga, simu iko jikoni. Recho kapokea, kaweka spika. Ikupa kauliza yuko wapi. Recho, bila kufikiri, kasema yuko kwenye beseni.

Nimesikia kwa masikio yangu. Nikasimama, maji yakamwagika yote.

Ikupa kasema, dada, kidole tumbo kinakaa kwenye beseni?

Nikachukua simu. Nikasema Ikupa, nisikilize. Nikamwambia. Ile pikipiki, yale maumivu ya Pasaka, damu, daktari, dakika ya sabini. Yote. Nikasema hallo? Kimya. Nikaona mchumba ndiyo basi. Kumbe kaweka simu chini anacheka! Amecheka dakika tatu, hela ya vocha ni yake. Kisha kalia kidogo. Kasema ungeniambia, ningekuja kukuchemshia hayo maji. Mimi ni wa kuogopwa mimi?

Sijui nimempata wapi huyu mwanamke.

Ila akaongeza mambo mawili. La kwanza: kwao mgeni akija anapewa kigoda, anakaa. Asipokaa, baba yake anasema huyo amekuja kuchungulia, hajaja. La pili: baba anasamehe vyote, uongo hasamehi. Shemeji mmoja alisema ana ng'ombe kumi. Walikuwa wawili. Hajakanyaga pale tena.

Nikamuuliza, sasa nifanye nini? Kasema, jitahidi ukae.

Alhamisi, 12 Juni

Jana sikuandika, nilikuwa mazoezini. Mazoezi ya kukaa. Recho kaweka mto juu ya kiti, juu ya mto khanga, juu ya khanga mimi. Nimefika hesabu ya kumi na nne. Leo ishirini na mbili! Baada ya hapo nimeruka.

Bila mto: mbili.

Nimekwenda kwa nesi Enesi. Kanikagua, kasema kidonda kinafunga vizuri sana, wewe ni mgonjwa mtiifu. Nikamuuliza, kigoda cha mbao je, cha miguu mitatu? Kasema kaka, hicho subiri kwanza, wiki mbili tatu hivi. Nikamwambia mimi nina siku mbili. Kaniuliza kwani unakwenda kutawazwa?

Na safari? Kasema lala chali au kifudifudi, simameni njiani, kunywa maji, usibebe kitu kizito.

Ijumaa, 13 Juni

Choo ndiyo. Maumivu karibu yameisha.

Baba mdogo Yesaya kaja na koti lake la harusi zote. Yeye najua anajua. Anajua kila kitu ila haulizi. Kasema kesho wewe huongei, mimi ndiye ninayeongea, wewe unakaa tu.

Unakaa tu!

Nikamwambia bamdogo, kama nikishindwa? Kasema sema tumbo linakusumbua. Ni tumbo, si liko jirani?

Nimefikiria hilo jioni nzima. Ni jirani kweli. Ila siyo lenyewe.

Jumamosi, 14 Juni, asubuhi

Tuko njiani. Noah ya kukodi. Bamdogo mbele na dereva. Recho na Bugalama kati. Mimi siti ya nyuma peke yangu, kifudifudi, uso kwenye kreti za soda. Suti imefunikwa na khanga isikunjike. Mwandiko mbaya ni barabara.

Bugalama kageuka kaniangalia. Kasema Rabson, niambie ukweli wako, hicho kidole tumbo kimehamia wapi tena?

Nimechoka. Nikamwambia. Nikasubiri jina.

Kasema basi! Na mimi ninayo hiyo, tangu mwaka juzi! Nilikuwa naogopa kukwambia! Hospitali gani hiyo? Wanaumiza? Sasa anataka namba ya nesi Enesi. Dereva naye kapunguza redio. Kauliza hilo beseni linatakiwa saizi gani.

Gari zima, jamani! Sisi wote tunateseka kimya kimya.

Jumamosi hiyo hiyo, mchana, Ikinga

Naandika juu ya boneti. Nimesimama.

Tulifika saa nne. Nyumba nzuri, ua umefagiwa, migomba nyuma, ukungu bado uko mlimani. Wazee wakaingia ndani na bamdogo na Recho. Kwao muoaji habaki kwenye mazungumzo, anasubiri nje mpaka aitwe. Wakanitolea kigoda, wakakiweka uani. Nikasema asanteni. Nikasimama pembeni yake kama mlinzi wake.

Nusu saa. Saa nzima. Saa moja na nusu. Bugalama kakaa, kalala, kaamka. Mimi wima. Mikono mbele, kichwa chini, maana nikiinua kichwa namwona Ikupa mlango wa jikoni anakwepesha macho asicheke.

Shangazi yake kapita na maji mara tatu. Mara ya kwanza: kaa, baba. Mara ya pili: kaa, mwanangu. Mara ya tatu kaweka maji chini. Kaingia ndani mbio.

Nikajua tayari. Nimekuja kuchungulia.

Sasa Ikupa kapita hapa kama anafuata kuni. Kasema bila kufungua mdomo sana: unajua shangazi kasema nini huko ndani? Kasema tangu azaliwe hajaona kijana mwenye adabu kama huyo. Kakataa kukaa wazee hawajamaliza! Wamepiga makofi. Baba kasema, kwa hiyo Tunduma bado kuna watoto waliolelewa.

Adabu! Mimi!

Nimecheka kimoyomoyo mpaka kidonda kikavuta huko. Halafu cheko likaisha. Maana Ikupa hakuwa anacheka tena. Kasema barua wamepokea. Baba anakuja kukukalisha mwenyewe, kwa mkono wake. Kachukua kigoda cha marehemu babu.

Saa saba hivi

Niko chooni kwao. Mlango wa bati. Daftari nimelibana ukutani.

Mzee katoka. Mrefu, mweusi, koti la mvua, kigoda kwapani. Uso unang'aa! Nikapiga magoti kumwamkia, hilo naliweza. Shikamoo baba. Marahaba kijana. Akakipangusa kile kigoda kwa kofia yake. Mbao tupu, kimechongwa katikati kama bakuli. Kasema tangu baba yangu afe hakijakaliwa na mtu wa nje. Keti, tule.

Watu wote wamesimama wananitazama. Wanatabasamu.

Hesabu ya mbili, nikakumbuka. Mbili halafu naruka, juu ya kigoda cha marehemu.

Nikasema baba, samahani, choo kiko wapi.

Nikikaa, napiga kelele. Nikisema tumbo, ni uongo, na makofi yale nimeyala bure. Nikisema kweli, adabu yangu yote inaisha, inabaki bawasiri. Nimeliandika tena. Haya.

Anakuja. Nasikia buti zake.

Kagonga. Kijana, kuna shida? Chakula kinapoa.

Mdomo wangu huu! Nikasema: baba, siyo kidole tumbo.

Kasema, nani kataja kidole tumbo?

Hakuna! Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kidole tumbo! Nimejichoma mwenyewe. Sasa nimeshaanza. Nimemwambia hivi hivi kupitia bati: baba, sikusimama kwa adabu. Adabu ninayo, ila leo nilisimama kwa sababu siwezi kukaa. Nimepasuliwa siku kumi zilizopita. Na Pasaka ilikuwa hiyo hiyo.

Nasikia kuku tu.

Nikasema, ni huku nyuma, baba.

Halafu nasikia kitu kinagusa ardhi, mbao. Kakiweka kigoda hapo nje ya mlango. Kinalia kidogo. Amekaa! Amekaa yeye!

Anashusha sauti. Anasema: haya mkwe, na mimi huwa nakaa upande mmoja, sogea karibu na mlango. Anza mwanzo, usiruke kitu. Walikuchoma sindano wapi—