Jaji Aliyeshindwa Wanne kwa Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa uraia kanichagua kwa mahakama ya kuigiza ya Ijumaa. Mimi! Ninayeitika "nipo" kwa kunong'ona. Namtetea mwanafunzi aliyefukuzwa shule bila kusikilizwa. Katiba yetu haisemi wazi, kwa hiyo nitafute mahakama ya nchi nyingine iliyowahi kuamua jambo kama hilo. Mwalimu anasema hukumu ya nje haitufungi, inatushawishi tu.

Bibi kauliza: huyo jaji wa ng'ambo anatujua? Nikasema hapana. "Sasa ya kwetu yanamhusu nini?" Kaka kacheka mpaka chai ikampanda puani.

Jumatano, 5 Machi
Nimeipata hukumu, maktabani! Kurasa sitini na mbili. Ukurasa wa 41: "Kumsikiliza mtoto ni kazi ya dakika kumi, kumfukuza bila kumsikiliza ni kovu la maisha." Nimeinakili kwenye kadi. Nimelihutubia kabati la nguo mara nane.

Kaka, mlangoni: "Mheshimiwa, kabati limekubali?"

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Nimerudi maktaba kusoma yote. Ukurasa wa 38, herufi ndogo: kuanzia hapo ni maoni ya jaji asiyekubaliana na wenzake. Jaji wangu alikuwa peke yake! Wenzake wanne walisema shule haikukosea. Nilipenda maneno, sikuangalia nani kashinda.

Kaka anasema ninyamaze, nani atasoma kurasa zote hizo? Bibi, huku akichambua mchele: "Umekwenda mpaka ng'ambo, ukatuletea aliyeshindwa?" Kisha, taratibu: "Lakini alichosema ni kweli?"

Nadhani ndiyo.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika koridoni. Majaji wanashauriana ndani. Mkuu wao ni mwanasheria mstaafu, miwani inaning'inia kifuani.

Zamu yangu ikafika. Nikasoma kadi. Kisha nikasema: "Waheshimiwa, jaji huyu alishindwa, wanne kwa mmoja. Naomba leo asikilizwe upya." Mtu akacheka — kaka, nani mwingine! Wapinzani walikuwa na hukumu ileile, maneno ya wale wanne yamepigiwa mstari, tayari kuniumbua. Wakabaki kupekua karatasi.

Mstaafu akavaa miwani, akauliza: Kwa nini tumfuate yeye, tuwaache wanne?

Nikajibu. Kwa sauti! "Wanne hawakuandika popote mtoto alisema nini. Yeye aliandika."

Mstaafu akachukua kalamu nyekundu. Akaomba kadi yangu.

Mlango umefunguliwa, tunaitwa. Naiona kadi mezani. Ina mstari mwekundu. Chini ya maneno, kuyakubali, au katikati yake, kuyakata? Kutoka hapa sioni —