Chaki na Sahani Yangu

Jumatatu, 2 Juni

Chakula changu anakula mbwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo pekee ambalo padri hakulisikia juzi, alipokuja kunipaka mafuta. Niliungama mengine yote. Hili nililiruka.

Leo tena. Adventina, mke wa mwanangu Deus, ameleta ndizi na maharage barazani, akaweka kwenye meza ndogo, akasema kama anavyosema kila mchana: "Karibu chakula, baba." Kisha akanipa mgongo, akarudi jikoni. Mke wa mwana hakai baba mkwe anapokula. Hamtazami kinywani. Ndivyo tulivyolelewa sisi Wanyambo, naye kwao Bweranyange kalelewa hivyo hivyo.

Desturi hiyo inanisaidia. Akishaingia jikoni namwita Chaki kwa sauti ndogo. Namlisha tonge kwa tonge. Sahani inabaki safi. Adventina anaichukua, anafurahi. Mtu mzima akisema ameshiba, hakuna wa kumhoji.

Tangu mvua za masika chakula kigumu hakipiti. Kinakwama chini kidogo ya koo, kisha kinarudi. Maji yanapita. Chai inapita. Uji mwepesi wa asubuhi unapita nikiunywa polepole.

Deus, aliye kazini Rubwera, akijua atanipeleka hospitali kubwa Mwanza. Kaka yangu alipelekwa huko kwa ugonjwa kama huu. Akatobolewa tumbo, akawekewa mpira wa kulishia. Alirudi ndani ya sanduku. Mimi sitaki. Nataka kufia hapa Rugu, kwenye kibanja changu, migomba yangu ikiwa mlangoni.

Nimechoka. Hata kalamu nzito.

Jumatano, 4 Juni

Somo la mbwa. Bado ni mtoto, mweupe mwili mzima, ndiyo maana nikamwita Chaki. Alitoka kwa kaka zake Adventina. Akikua atafukuza ngedere wanaomaliza ndizi zetu. Lakini kwanza ajifunze kuja akiitwa. Barabara iko karibu na bodaboda hazina huruma. Na jirani yetu Felician ameapa kwamba kuku wake akiguswa tena, hatasubiri kikao.

Kazi hiyo Deus alinipa mimi. Mwalimu mstaafu, mwanafunzi mmoja. Nadhani alitaka nipate la kufanya wakati nangoja kufa. Hakusema hivyo.

Njia yangu ni hii. Jina liitwe mara moja tu. Ukilirudiarudia, mbwa anajifunza kwamba wito wa kwanza hauna maana. Akifika apewe kitu. Asipigwe, hata kama amechelewa, hata kama ana manyoya ya kuku mdomoni. Ndivyo nilivyofundisha watoto kusoma, isipokuwa hilo la kutopiga. Nilipiga.

Barazani anakuja vizuri. Akiwa uani, kwenye turubai la kuanikia kahawa, haji. Sauti yangu haifiki. Nikiipandisha nakohoa.

Ijumaa, 6 Juni

Suruali haishiki tena. Nimetoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari. Adventina aliuona msumari mezani, akauliza wa nini. Nikasema kiti kimelegea. Uongo umetoka wenyewe, bila kufikiri. Sikujua ninao mwepesi hivyo uzeeni.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Sikwenda kanisani. Katekista aliniletea Komunyo nyumbani. Nikaomba anipe nusu, nikaiacha iyeyuke ulimini. Akasubiri. Akasali Baba Yetu. Akasali nyingine. Bado ilikuwa pale. Mwishowe ikashuka na maji. Yeye alidhani ni ibada.

Alasiri akaja Felician na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Hanywi peke yake, anaona ni dhambi.

"Mwalimu," akasema, "huyu mbwa wako anameremeta. Wewe unakwisha, yeye anajaa. Mmegawana nini humu ndani?"

"Tumegawana mbuzi," nikamjibu. "Mimi nikachukua mifupa."

"Ewe! Na mimi nilifikiri mifupa ndiyo ya mbwa!"

Akacheka mpaka akamwaga rubisi kwenye goti. Nami nikacheka. Adventina alikuwa akiosha vyombo nyuma ya nyumba. Nikasikia vyombo vimenyamaza. Kisha vikaendelea.

Naogopa huyo mwanamke. Hasemi kitu kabla hajakiona.

Jumanne, 10 Juni

Mambo yameharibika.

Chaki alikuwa mbali, ng'ambo ya ua, anafukua chini ya mti wa kahawa. Nilimwita. Mara moja, kama kanuni inavyosema. Hata sikio hakuinua. Nikajiambia labda hajasikia.

Adventina akatoka na sahani. "Karibu chakula, baba."

Sahani ilikuwa bado mkononi mwake. Mbwa alikatiza uani mbio, akapita juu ya kahawa, akapanda barazani, akaketi mbele ya magoti yangu. Hakutazama sahani. Alitazama mkono wangu wa kulia.

Adventina akasimama. Akamtazama mbwa. Akautazama mkono. Kisha akanitazama usoni, jambo ambalo hajalifanya tangu aolewe hapa. Akaweka sahani, akaenda.

Mimi, mwalimu mzima, sikuliona. Nilidhani namfundisha jina lake. Kumbe kila mchana yanatangulia maneno ya Adventina, halafu chakula. Kunong'ona kwangu kulikuja baadaye, kelele tu ya mzee. Mwanafunzi hakukosea. Amejifunza barabara kile nilichomfundisha.

Matonge yote nilimpa. Ningefanya nini tena.

Jumatano, 11 Juni

Leo mbwa amefungwa kamba kwenye zizi la mbuzi. Adventina hakueleza kwa nini. Ameleta sahani, amesema maneno yake, ameingia jikoni. Mbwa kule zizini akalia, akavuta kamba, akalia.

Nikabaki na ndizi zangu. Nilijaribu tonge dogo. Likarudi. Nikafunga chakula kwenye leso, nikatia mfukoni mwa koti. Mchuzi wa maharage ukapenya.

Alipokuja kuchukua sahani aliiona safi. Akauona na mfuko.

"Baba, nikufulie koti?"

"Liache."

Ameliacha. Nimekaa na leso yenye unyevu pajani hadi jua likaondoka barazani. Nilikuwa mkuu wa shule mimi.

Alhamisi, 12 Juni

Amekaa.

Aliweka sahani, akasema karibu, hakugeuka. Alivuta kigoda, akaketi mbele yangu, kichwa ameinamisha.

"Baba, nisamehe. Leo sitoki."

Nikamwambia, kwa jina la mtoto wake, "Mama Koku, hiyo si heshima."

"Najua, baba. Mama angekuwepo angekaa yeye. Hayupo. Tupo mimi na mbwa, na mbwa nimemfunga."

Mke wangu amelala nyuma ya nyumba, kaburi lake linaonekana kutoka hapo nilipoketi. Nikachukua tonge. Nilitafuna muda mrefu nikitumaini ataondoka. Nikameza. Likakwama, likarudi na povu, likaangukia ndevuni na kwenye shati. Nikatoa sauti ambayo sikuijua. Adventina akainuka, akanifuta kwa ncha ya kitenge chake. Kidevu, shingo, kifua. Mke wa mwanangu.

"Umeridhika?" nikamuuliza.

Akalia. Lakini hakuondoka.

Nikamsihi asimwambie Deus. Nilimsihi kweli, kama mtoto aliyevunja mtungi. Akasema, "Siwezi, baba. Siwezi kulala na mtu kitanda kimoja nimemficha kwamba baba yake anakufa njaa."

Nina hasira. Si kwa kuwa atasema. Ni kwa kuwa ameona.

Jumamosi, 14 Juni

Deus amefika kutoka Rubwera kwa basi dogo la asubuhi. Kule ofisini wilayani wamempa ruhusa. Aliingia na viatu vyenye vumbi, hata shikamoo ilitoka nusu.

"Kesho tunakwenda Mwanza."

"Siendi."

"Baba, umekuwa ukimlisha mbwa! Mbwa! Mimi natuma nyama kila nikipata nafasi, kumbe nanenepesha mbwa!"

Niliona kwamba ni kichekesho, na kwamba hatutaweza kucheka. Nikamwambia akinipakia kwenye gari atakuwa anapakia mzigo. Nikamkumbusha baba yake mkubwa na ule mpira tumboni. Deus alikuwa mdogo tulipokwenda kumwona Mwanza, lakini aliuona.

"Kwa hiyo unataka nikae nikutazame ukifa?"

"Ndiyo."

Ni neno gumu kumwambia mtoto. Nimelisema. Akatoka, akaingia migombani, akakaa huko. Adventina alitaka kumfuata, nikamzuia kwa mkono.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Tumekubaliana hivi: nitaonwa na daktari hapa karibu, Kayanga, na jioni ile ile nirudi kitandani kwangu. Mpira hapana, mpaka mimi mwenyewe niseme. Amenipa mkono kama tumeuziana shamba. Nilikuwa nimejiandaa kupigana zaidi. Sikuwa na nguvu, naye hakuwa nazo.

Jumatano, 18 Juni

Jana Kayanga. Daktari kijana, mpole. Alieleza ninachokijua. Alieleza na mpira, nikakataa, akaandika, hakunisukuma. Amenipa dawa ya maumivu. Chakula kiwe chepesi, kilainishwe, kidogo kidogo na mara kwa mara. Na awepo mtu karibu ninapokula, nisije nikapaliwa peke yangu. Aliposema hivyo alimtazama Adventina, siyo Deus. Madaktari hawaulizi nani mkwe wa nani.

Leo somo la mbwa limeanza upya. Deus ndiye anaita. Dagaa mfukoni, jina mara moja, kisha dagaa. Adventina ameacha kabisa kusema karibu chakula. Ananiletea kimya kimya, mbwa asichanganyikiwe. Lakini Chaki bado haamini. Deus aliita akiwa kwenye turubai la kahawa, na mbwa akaja kutoka migombani polepole, akisimama njiani, kama mkaguzi wa shule anayeshuku hesabu za mwalimu mkuu. Alipofika akapewa dagaa. Akatafuna akimtazama Deus vizuri, kama ndiyo kwanza anamwona.

Nilicheka. Iliuma.

Felician naye alikuwa amesimama kwenye ua wake. "Deus! Mwite na aliyekula kuku wangu!"

Ijumaa, 20 Juni

Siku tulivu. Kuna wingu, hakuna mvua. Kahawa imegeuzwa mapema.

Adventina alipika ndizi zikaiva mno, akaziponda, akachanganya na maziwa, akachuja. Zimekuwa nyepesi kama uji. Tumepata namna yetu bila kuzungumza. Haketi mbele yangu tena. Anaketi ubavuni, anageuza uso kuelekea migombani, na kijiko anakishika yeye kwa sababu mimi nakimwaga. Anajua kwa kusikia kama nimemeza. Mimi nami natazama migomba. Ukitupita barabarani utadhani tunangoja mtu.

Kijiko kikapita. Kingine kikapita. Kimoja kikasita, akangoja, kikapita.

"Yatosha, baba?"

Nilifungua kinywa kusema nimeshiba. Nimelisema neno hilo majuma yote haya, hata padri nilimwambia alipouliza kama nakula. Nilijiambia mwili wa mzee hauhitaji kitu tena, kwamba umekwisha kuaga, na mimi naufuata tu. Niliona ni jambo la heshima kuondoka hivyo. Halikuwa kweli. Kila mchana nilisikia harufu ya ndizi kabla ya mbwa kuisikia. Nilitazama kila tonge likiingia kinywani mwake, na mate yakanijaa.

"Bado," nikamwambia. "Nina njaa."