Kijiti cha Muvumu

Rumonge, Mfungo Mosi

Kwa mume wangu, Baba Zaituni, huko uliko na mizigo ya vita ya Wadachi,

Amahoro. Sisi wazima. Ndagala zinavuliwa tele, na Zaituni ameota meno.

Mtumbwi wako umetutesa. Tangu tuutoe pale mdomoni mwa mto ulipoufunga, ulikuwa unavuta kushoto. Shemeji Hamissi alibadilisha wapiga kasia, ukavuta. Akahamisha mizigo, ukavuta. Nikamwambia, "Upindueni, tuone tumbo lake."

Baba Zaituni, wakaupindua, nikainama kutazama. Unakumbuka siku walipokuja kukuchukua, uliliziba lile tundu la kushoto haraka haraka kwa kijiti kibichi cha muvumu, huu huu mti wa ua wetu? Kimeota! Mizizi imetokeza chini ya mtumbwi, myekundu, laini kama nywele za mtoto mchanga. Ndiyo iliyokuwa inashika maji. Hamissi aliinua panga, akalishusha. "Subhanallah! Shemeji, mimi sikati."

Nimeking'oa mwenyewe kwa mikono, polepole, nikakipanda mlangoni. Tundu tumeliziba kwa mti mkavu, na mtumbwi sasa unakwenda sawa.

Wenzako waliorudi wanasema walikuacha njiani, pumzi imekwisha. Watu wanataka nikae eda. Nimewapeleka mlangoni wakione kile kijiti. Kilikatwa, kikagongwa nyundo, kikakaa majini gizani, na leo kina jani.

Eda sikai. Njoo uone jani lako.

Mkeo, Batuli