Kwini Mbili na Krismasi Moja

Jumatatu, 9 Desemba 1996

Meneja amesema mtu mmoja tu wa chumba cha kulia ataenda nyumbani Krismasi. Mmoja! Mimi ama Wambugu. Kubalianeni, akasema, akaenda zake.

Miaka mitatu sijakula Krismasi kwetu Kibirichia. Mwaka jana binti yangu Kendi alikaa langoni na rinda jipya akiningoja mpaka giza. Sitaki tena. Sitaki!

Wambugu naye anataka kwao Kangema. Ati mbuzi wa baba yake hachinjwi bila yeye. Mbuzi mwenyewe angefurahi sana akibaki!

Tutaamua kwa poka. Ule mchezo tulifundishwa na Mjerumani aliyefungiwa hapa hotelini na mvua siku nne. Kadi mbili mkononi, tano zinafunguliwa mezani, unaweka maharagwe. Yakikuishia, Krismasi unabeba sahani za wageni. Mzee Mutahi, mpishi, ndiye atagawa kadi. Kwake ni hapa Mweiga tu, hana haja ya likizo.

Jumatano, 11 Desemba

Aibu! Nilipata kingi mbili. Nikajifanya mnyonge, nikanyamaza, nikingoja Wambugu ajilete. Mezani kadi mbili za alama ya moyo. Sikuweka hata haragwe moja. Kadi ya nne akaiona bure. Ya tano bure — moyo! Hapo ndipo nikaweka nusu ya maharagwe yangu, mjinga mimi. Akafungua zake mbili, zikawa moyo tano, na moyo tano hushinda kingi mbili; akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Mzee Mutahi akaniuliza kwetu tunalima nini. Viazi. Na dawa mnanyunyiza lini? Kabla majani hayajaungua, nikasema. Akasema basi, na kadi ni hivyo hivyo.

Nimekasirika, lakini mzee ana akili.

Ijumaa, 13 Desemba

Leo nimekuwa mkali! Nikiwa na pea, kadi mbili zinazofanana, naweka maharagwe, tena naweka mengi. Wambugu ananung'unika ati nimekula pilipili. Tuko sawa sawa sasa. Nimepanga vijiko nikiimba.

Jumapili, 15 Desemba

Naandika stoo, nimetumwa sukari.

Niko na kwini mbili. Mezani: jeki, tisa, nne. Jeki na tisa ni za moyo. Mimi ndiye niko mbele — sasa hivi! Moyo moja zaidi inaweza kunimaliza. Sikungoja. Nikasukuma maharagwe yote. Yote! Wambugu akatoa kitambaa, akajifuta uso.

Hapo hapo basi la wageni likapiga honi. Kadi zimefunikwa na sahani, Mzee Mutahi anazichunga. Wambugu amepeleka supu kwa meza isiyo yake mara mbili!

Naogopa, na nina furaha. Nimecheza vizuri.

Baadaye. Wageni wamekula, tumerudi jikoni, daftari liko magotini. Wambugu ameinua sahani, ametazama kadi zake. Amezirudisha. Ameziinua tena! Mtu aliyeshinda tayari anatafuta nini huko? Nilijua — anangoja moyo!

Mzee anamuuliza, unaingia ama unatupa? Amevuta pumzi. "Gaceri, ulinifinya kweli," amesema. Ameingia. Na yake yote.

Kadi ya nne mezani: tatu nyeusi, si moyo! Nimepiga kelele, sufuria zimelia. Imebaki moja: moyo ikija, yeye Kangema; isipokuja, mimi Kibirichia! Wambugu amefumba macho, anaomba kwa Kikuyu. Mimi naomba kwa Kimeru. Mzee Mutahi ameshika kadi ya tano, anatucheka: ati Mungu ni yule yule mmoja, sasa mnataka afanyeje —